Uwanja wa Mzee Cheche Umehama

Mzee Cheche alikuwa na ulimi wa kukereza chuma, na aliyekerezwa kuliko watu wote alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Usinikodolee macho. Wazazi wa namna hiyo wapo, na wakifa tunawasifu vizuri tu.

Jina la Cheche alilipata karakanani, alikosimama mbele ya mashine ya kukerezea vyuma tangu ujana mpaka macho yalipomtupa mkono. Ndiye aliyeanzisha klabu ya roketi. Nikisema roketi usifikirie mambo makubwa ya kwenda mwezini. Hawa ni watu wazima na kazi zao na familia zao, ambao siku za mapumziko wanakwenda kwenye ziwa lililokauka, nje kabisa ya mji, kurusha juu mabomba ya karatasi ngumu yenye pua ya plastiki na mapezi kama ya samaki. Baruti inawaka chini, bomba linapaa, likifika juu linafungua parachuti, linashuka. Basi. Ukiwauliza faida yake wanakuangalia kana kwamba umewatukania mama zao.

Mtoto wa Mzee ni fundi wa mafriji. Siku yake ya kwanza klabuni, ndevu ndiyo kwanza zinachipua, aliweka roketi yake kwenye reli, ile nguzo ya chuma ya kurushia, watu wakahesabu, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Kiwashio kilikuwa kimelowa jasho la mikono yake mwenyewe. Mzee Cheche akageukia watu, akasema, "Jamani, nimezaa kiberiti kibichi." Watu wakavunjika mbavu, na jina likabaki. Fundi akaoa, akapata watoto, akafungua duka lake, akarusha roketi nyingi zikapaa bila tatizo, lakini klabuni yeye ni Kibichi. Siku moja ya ugomvi hata mkewe lilimponyoka.

Sasa, huyu Kibichi alikuwa na kiu moja tu, nayo ni ufunguo. Kisanduku cha kuwashia roketi Mzee alikitengeneza kwa mikono yake, na umeme haupiti mpaka uchomeke ufunguo na kuuzungusha. Ufunguo huo uliishi shingoni mwa Mzee kwa kamba, akilala nao, akioga nao. Mwenye ufunguo ndiye anayehesabu, ndiye anayesema leo tunarusha au leo turudi nyumbani. Kutengeneza kisanduku kingine si kazi, Kibichi angeweza kukiunda dukani kwake kabla ya chakula cha mchana. Lakini hakutaka kisanduku. Alitaka baba yake auvue ule ufunguo shingoni, mbele ya wote waliocheka siku ile, ampe yeye.

Na mwaka huu Mzee alikuwa ametangaza. "Msimu ukifunguliwa namrusha Mchumba kwa mara ya mwisho, halafu ufunguo nampa mtu." Mchumba ni roketi yake kubwa, nyeupe, anayoipapasa na kuisugua msasa mpaka watu wanaona haya. Hakusema atampa nani. Lakini alipokuwa akisema, uso wake ulielekea alikokaa Kibichi, au Kibichi aliona hivyo, na tangu siku hiyo usingizi ukamruka.

Ndipo kampuni ya magadi ikazungusha seng'enge upande wote wa ziwa ule walikorushia. Wakaambiwa vizuri, kwa adabu, watoke.

Klabu ilikutana kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa cha Mwenyekiti, ambaye ni daktari wa meno, chini ya picha kubwa ya jino lililooza. Mzee hakuwepo, homa ilimlaza, lakini alituma maneno: "Nikisikia mmehamisha uwanja, ufunguo nautupa chooni." Usimwone mkorofi bure. Lile eneo alilijua kwa nyayo. Nyumbani anagonga meza, njiani anagonga watu, lakini pale ziwani alikuwa akiiacha fimbo kwenye benchi na kutembea peke yake, kichwa juu, kama zamani. Hapakuwa na mahali pengine duniani alipoweza hivyo, na kila mtu klabuni alilijua hilo.

Wakaamua kuhamia ng'ambo ya ziwa. Halafu wote wakamtazama Kibichi.

"Wewe ndiye mwanawe," Mwenyekiti akasema. "Utamwambia."

Mzee aliishi kwa Kibichi, chumba cha nyuma. Jioni ile alimkuta amekaa kitandani, Mchumba amelala mapajani, vidole vinatafuta kasoro kwenye pezi.

"Wamesemaje hao?"

Kibichi alifunua kinywa kusema ukweli, nakuapia. Maneno aliyapanga njia nzima. Lakini aliuona ule ufunguo umelala juu ya fulana ya baba yake, na ulimi ukageuka wenyewe.

"Kampuni imekubali, baba. Tunabaki palepale."

Mzee akatabasamu. "Kumbe hata wewe unaweza kuleta habari njema. Ngoja kesho mvua ya mawe inyeshe."

Asubuhi Kibichi alikwenda kwa Mwenyekiti roho mkononi, akamkuta kazini, mgonjwa amelala kwenye kiti, kinywa wazi. Akamweleza kwa kunong'ona. Alitegemea kutukanwa. Mwenyekiti aliweka chini kioo chake cha kuangalizia meno, akacheka mpaka akashika ukuta, na mgonjwa pale kitini hajui acheke au afunge kinywa.

Lazima ujue kwamba kwa miaka yote Mzee alikuwa akimwita Mwenyekiti "Koleo", mbele ya mkewe, mbele ya wateja wake. Na Mama Miavuli, mshona nguo anayewashonea parachuti kwa vitambaa vya miavuli mibovu, aliwahi kuambiwa kazi yake haifai hata kuchujia chai. Kila mmoja alikuwa na kidonda chake kutoka kwa yule mzee.

"Kama ameambiwa tunabaki, basi tunabaki," Mwenyekiti akasema akijifuta machozi. "Tutamhamishia uwanja wake mzimamzima. Benchi lake, pipa lake, kila kitu. Atajuaje? Kwani anaona?"

Kibichi alipaswa kukasirika. Atakayechezewa shere ni baba yake. Badala yake alihisi mzigo umemtoka kichwani, na pembeni ya nafuu hiyo alihisi kitu kingine, kidogo, kitamu, ambacho hakutaka kukitazama sana.

Wakahama kwa lori la kuazima. Waling'oa reli, wakakunja nyaya, wakapakia turubai la kivuli na pipa la maji. Kazi kubwa ilikuwa zege. Reli ilisimama juu ya bamba la zege ambalo Mzee alilimimina mwenyewe, na kabla halijakauka alibandika kiganja chake pale, alama ikabaki. Kila mara kabla ya kurusha huinama, huweka mkono kwenye alama ile, ndipo anasimama kuhesabu. Bila bamba lile mchezo ungekufa mapema. Wakalichimbua kwa masururu na mabeleshi, wakalipandisha kwa magogo, jasho linawatiririka, huku Mwenyekiti akisema, "Taratibu, jamani, taratibu, tunahamisha kaburi na mwenyewe bado anakula ugali!" Wakacheka mpaka bamba likataka kuwaponyoka.

Ng'ambo walikipanga kila kitu kama kilivyokuwa. Benchi la chuma liliwasumbua, maana Mzee akikaa asubuhi jua humpiga shavu la kushoto. Mama Miavuli akajifunga kitambaa machoni, akakaa, akanyoosha shingo.

"Koleo!" akaita kwa sauti nzito ya kukwaruza. "Nasikia harufu ya meno ya watu mpaka huku! Na yule kiberiti changu kibichi yuko wapi? Kimeshalowa?"

Watu walianguka chini kwa kicheko. Kibichi alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka tumbo likamuuma.

"Geuzeni kidogo," Mama Miavuli akasema, kitambaa bado machoni. "Jua liko puani. Eeh, hapo. Hapo ndipo."

Lori lilipokuwa linageuza, upande wa kuelekea katikati ya ziwa, gurudumu la nyuma lilivunja ganda la juu la ardhi na kuzama. Tope jeusi likafoka, linanuka yai viza. Juu palionekana pakavu kama penginepo, ila rangi ilikuwa imekoza kidogo. Walipolikwamua, Kibichi alichukua kijiti kirefu akakichomeka kwenye ganda kupima. Kiliingia. Akasukuma, kikaingia tena, bila ubishi wowote, mpaka ngumi yake ikagusa chini na kijiti kizima kikawa kimemezwa.

"Hapa mtu anakwenda," akasema.

Wakaweka alama. Ni Kibichi mwenyewe aliyechana parachuti kuukuu jekundu na kufunga vitambaa kwenye vigingi, mstari mzima, ili siku ya kurusha pasitokee ajali. Na upepo wa asubuhi, walisema, siku zote unapuliza kuelekea barabarani, roketi zitaangukia upande mgumu.

"Mwenye macho ataona," Mwenyekiti akasema akikagua vile vitambaa, na walicheka tena, ingawa safari hii si sana.

Mke wa Kibichi alijua. Alimkuta Kibichi jikoni akinywa maji amesimama.

"Umemwambia baba?"

"Nitamwambia."

"Lini? Kesho ndiyo mnakwenda."

"Nimesema nitamwambia."

"Yule mzee amekukosea mengi," mkewe akasema. "Mimi nipo, naona. Lakini hajawahi kukudanganya. Hata siku moja. Angekudanganya kidogo mngeishi vizuri zaidi." Akachukua kikombe mkononi mwake, akakiosha, akaenda kulala.

Asubuhi yake Kibichi alimpakia baba yake kwenye pikapu. Mzee alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe, amemkumbatia Mchumba. Kwenye njia panda Kibichi alifuata kwanza barabara ya zamani, halafu akazunguka.

"Leo kona zimezidi," Mzee akasema.

"Wamechimba barabara, baba. Tunapita kando."

"Mm." Akapapasa ubavu wa Mchumba: "Kichanga umekijaribu?"

Kichanga ni kifaa kidogo cha betri kinachofungwa ndani ya roketi. Ikianguka kinalia, pii, pii, pii, mpaka mtu akafike akizime. Klabu walikiita hivyo kwa sababu ya kulia, na tangu Mzee apofuke ndicho kilichokuwa kikimwongoza. Maana kuna sheria, Mzee mwenyewe aliiweka: roketi iliyoanguka haiguswi na mtu mpaka mwenyewe aifuate kwa miguu yake. Hata ikianguka upande wa pili wa dunia, mnamwacha aende peke yake.

"Nimekijaribu. Kinalia vizuri."

"Afadhali hicho," Mzee akasema. "Katika watoto wangu wote, ndicho peke yake kinachofanya kilichoundiwa."

Kibichi alikaza mikono kwenye usukani. Kama alikuwa na neno la ukweli kooni, na nadhani alikuwa nalo, alilimeza pale.

Walimpokea kwa mbwembwe. "Shikamoo, Mzee Cheche! Karibu uwanjani kwako!" Mama Miavuli alimshika mkono, Mwenyekiti akamfutia benchi, wakamvika vilemba vya ukoka kimoja juu ya kingine. Mzee aliitikia marahaba, marahaba, akakaa, jua likampiga shavu la kushoto. Akapeleka mkono kulia, akaligusa pipa. Akainuka, akapiga hatua anazozijua, akainama, na kiganja chake kikaingia kwenye alama ya kiganja chake.

"Tupo nyumbani," akasema.

Mtu akakohoa ili asicheke. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake.

Walimsaidia kumsimamisha Mchumba kwenye reli. Mzee akavua kamba shingoni, akachomeka ufunguo. "Anga?" "Wazi!" "Watu?" "Wamerudi nyuma!" Akahesabu mwenyewe, polepole, tano, nne, tatu, anazionja namba kama mtu asiyetaka ziishe. Akazungusha.

Mchumba akapaa. Lo! Useme nini? Alipaa kwa mlio wa kuchana kitambaa, akanyooka, akaacha moshi mweupe nyuma yake, akawa kijiti, akawa nukta. Mzee aliinua uso na kinywa kimeachama, na machozi yakimtoka kwenye yale macho yasiyo na kazi nyingine. Kwa muda ule hakuna aliyekumbuka kumcheka. Hata Kibichi alisahau kila kitu, akawa anaangalia juu na kumpenda baba yake bila kujitambua.

"Amefungua," Mzee akasema, kabla yeyote hajaliona parachuti.

Kisha upepo ukageuka.

Waliliona wote, vichwa juu. Parachuti lilianza kuvutwa kuelekea barabarani kama walivyotaka, likasita, likayumba, likaanza kurudi. Likapita juu ya reli. Likapita juu ya benchi. Likavuka vitambaa vyekundu likizidi kushuka, na Mchumba akatua kwa upole kwenye ganda upande wa pili, akalala. Mwepesi yule, ganda halikujali. Kichanga kikaanza. Pii, pii, pii.

Mzee alichomoa ufunguo, akauvaa tena shingoni. Akarudi kwenye benchi akaiegemeza fimbo yake.

"Hajaenda mbali," akasema kwa furaha. "Kaeni. Mchumba anafuatwa na mwenyewe."

"Baba." Kibichi alisogea. "Ngoja leo nikamchukue mimi."

"Wewe?" Mzee akageuka, na zile mbavu za watu alizijua zilipo. "Ukamshike Mchumba wangu kwa mikono hiyo ya jasho?"

Mtu mmoja wawili wakacheka, kwa mazoea tu. Lakini kilikuwa kicheko kile kile cha siku ile, hakijabadilika hata kidogo. Kibichi alirudi nyuma hatua moja.

Mzee akaenda. Mikono kaiachanisha kidogo na mwili, kichwa juu, hatua ndefu. Huyu si yule wa kugonga meza. Alilipita bamba la zege, akaendelea, na ardhi chini yake ikawa inakwaruza kwaru, kwaru, kama siku zote. Kisha mlio ukabadilika. Hata wao kwenye benchi waliusikia: ukawa mzito, una uwazi ndani yake. Vitambaa vyekundu vilikuwa mbele yake kidogo, vinapepea.

Mzee akasimama.

Alisugua kiatu kushoto, akasugua kulia. Akageuza uso kutafuta jua. Akavuta pumzi kwa pua, mara moja, mara mbili. Watu wakakauka. Mama Miavuli alimshika Mwenyekiti mkono, na Mwenyekiti, ambaye wiki nzima alikuwa akiingoja siku hii, uso ulikuwa umemshuka.

"Mwanangu," Mzee akaita.

Hakusema Kibichi. Hakugeuka pia. Aliita tu mbele yake, kwa sauti ambayo Kibichi hakuwa ameisikia tangu akiwa mtoto mdogo anayebebwa.

"Mwanangu, njia ni safi?"

Wote wakamwangalia Kibichi. Na hapa sitamtetea. Muda alikuwa nao. Alikiona kile kijiti kinavyoingia bila ubishi. Aliuona pia ufunguo ukienda chooni, na akausikia ule ulimi utakavyomkereza mbele ya watu hawa, leo, kesho, maisha yake yote: mwongo, mwoga, kibichi. Na kile kitu kidogo kitamu kikainua kichwa ndani yake, kikasema, aende. Aende ajue ladha yake.

"Safi, baba," akasema. "Nenda tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa.

Aliyepiga kelele ni Mwenyekiti. Aliruka kutoka kwenye benchi, sauti imempasuka: "Mzee, simama! Usiende! Hapo mbele ni tope! Hapa si uwanja wa zamani, tumehama, tumekudanganya, simama hapo hapo!"

Yote aliyamwaga. Mzee aliyasikia, maana alikuwa na masikio ya kusikia parachuti likifunguka mawinguni.

"Mwanangu amesema ni safi," akajibu, na akainua mguu.

Alivuka vitambaa. Hatua ya kwanza ganda lilimshikilia. Ya pili lilimshikilia. Ya tatu likavunjika kwa mlio mdogo tu, kama sahani inayopasuka chumba cha pili, na Mzee akaingia mpaka kiunoni. Hakupiga yowe. Aliweka mikono juu ya ganda mbele yake, nalo likavunjika, akaingia mpaka kifuani, shati lake jeupe likawa jeusi. Uso wake bado ulikuwa umeelekea kwenye ile sauti ya Kichanga.

Ndipo Kibichi alipokimbia. Sasa ndiyo alikimbia, akilia, "Baba! Baba!", akavuka vitambaa alivyovifunga mwenyewe, akazama magotini, na Mwenyekiti akamkamata ukosi akamtupa nyuma. "Toka hapa! Unataka kummalizia?" Wakaleta benchi wakalilaza, wakatandika turubai, Mama Miavuli kwa kuwa ni mwepesi akatambaa kwa tumbo na kamba ya lori, akamfunga mzee chini ya makwapa, akimwambia, "Pole baba, pole baba, tusamehe baba." Wakavuta. Tope lile halimwachii mtu kwa hiari. Walivuta mpaka viganja vikachunika, na Mzee alipotoka alitoka bila viatu.

Walimkalisha chini, maana benchi lilikuwa limebaki ndani. Mama Miavuli akammwagia maji ya pipa miguuni. Ng'ambo ya vitambaa Kichanga kiliendelea, pii, pii, na hakuna ambaye angeweza kwenda kukizima.

Mzee alipapasa kifuani, akaipata kamba, akaivua. Aliufuta ufunguo kwenye shati, akauchafua zaidi.

"Yuko wapi?"

Hakuna aliyeuliza nani.

"Nipo, baba."

"Nyosha mkono."

Kibichi akaunyoosha. Mzee akautafuta, akauweka ufunguo katikati ya kiganja, akakifunga vidole kimoja kimoja.

"Ulikuwa unautaka," akasema. "Shika."

Hapakuwa na ukali ndani yake. Kibichi aliutafuta ule ukali, aliuomba, angeupokea kwa magoti. Watu wote waliocheka siku ile walikuwepo, wanaangalia, kama alivyoota miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumtazama usoni.

"Baba, mimi..."

"Nipeleke nyumbani, mwanangu."

Kutoka pale mpaka kwenye pikapu ni karibu tu, ardhi ngumu tupu, magari yamepita juu yake wiki nzima. Mzee aliweka mkono begani mwa Kibichi. Kabla ya kila hatua alinyoosha mguu, akagusa chini kwa kidole gumba, akabonyeza, akabonyeza tena, ndipo akaukanyaga. Kisha mguu wa pili, hivyo hivyo. Walichukua muda mrefu mno. Klabu nzima ilisimama inawaangalia.

Nyumbani mkewe alifungua mlango, akaliona tope, akaziba kinywa kwa mkono.

"Hapa ni sebuleni, baba," Kibichi akasema. "Ni saruji. Tumefika."

"Nimesikia, mwanangu," Mzee akasema kwa upole, akanyoosha mguu, akagusa saruji kwa kidole, akabonyeza, akabonyeza tena.

Lile tope lilimletea homa, ikamwacha baada ya siku kadhaa, akapata viatu vipya. Ulimi wake haukurudi. Kibichi hajaitwa Kibichi tena nyumbani mle. Anaitwa mwanangu, asubuhi na jioni. Mkewe akimshika Mzee mkono, Mzee anatembea moja kwa moja mpaka mezani, anakaa, anaomba chai. Akimshika mjukuu ni vilevile, wanakwenda hata nje wakicheka. Lakini mkono ukiwa wa Kibichi, Mzee anasimama kwanza. Ananyoosha mguu, anagusa sakafu ya nyumba anayoishi, anabonyeza, na Kibichi anasubiri.